Viatu vya Kuazima Juu ya Bangkok

Kijana alichuchumaa mbele yangu na jozi ya viatu vyeusi vya kamba. Hakunipa mkononi. Alitoa kitambaa cha njano, akaingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia, akafuta mpaka kwenye ncha ya vidole, akafuta na cha kushoto, halafu akavipanga sakafuni vikiwa vimeelekea lifti.

Mimi nilikuwa nimesimama peku kwenye marumaru, ukumbi wa chini wa jengo refu katikati ya Bangkok, makubadhi yangu mkononi. Kiyoyozi kilipuliza kama cha bucha. Saa ilikuwa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Mwezi Februari jua la kule huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na mimi nilikuwa nimekuja kwenye baa iliyo juu kabisa ya jengo kwa ajili ya jua hilo tu.

Nikatumbukiza miguu. Vilinizidi namba mbili, kama si tatu. Kabla sijamwambia aache, alikuwa ameshanifunga kamba. Akanipa kipande cha plastiki chenye namba 17, akayatia makubadhi kwenye mfuko wa kitambaa, na mimi nikakimbilia lifti kabla haijafunga.

Sikumtazama usoni.

## Panalipa?

Hayo yote nilishayasahau. Nilirudi, nikafua nguo, nikaweka picha mbili tatu mtandaoni, watu wakanipa hongera kama vile jengo nimelijenga mimi. Wiki tatu baadaye rafiki yangu, ambaye naye ana safari ya hukohuko, akaniandikia:

"Kaka, pale juu panalipa, au ni picha tu?"

Swali jepesi. Nikaandika "Panalipa sana," nikafuta. Nikaandika "Usipoteze hela," nikafuta na hilo, maana ungekuwa uongo. Nilifurahi kule juu, na nikipata nafasi nitarudi. Nikasema ngoja nipitie picha nijikumbushe. Zilikuwa 41. Mto, mto, mimi, mto, glasi, mimi na glasi, jengo moja lenye giza nitakalolieleza mbele, na katikati yake picha niliyoipiga chini ya meza kwa utani: miguu yangu, bila soksi, ndani ya viatu vya watu.

Nikaitazama nikijaribu kumkumbuka aliyenivisha. Nywele nyeusi, zimekatwa vizuri. Pale utosini, nywele zinapojizungusha, palikuwa na kipande kidogo cha ngozi kinachoonekana. Mikono. Kitambaa cha njano.

Uso, hakuna.

Mtu mzima mwenzangu alinifunga kamba za viatu, jambo ambalo mara ya mwisho nilifanyiwa nikiwa mtoto, na nilichobaki nacho ni utosi wake. Tangu siku hiyo nikawa namwambia rafiki yangu "nitakujibu kesho", kwa wiki kadhaa, mpaka akaanza kuhisi labda nimeudhika na kitu.

## Asubuhi nilivua

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba siku hiyohiyo, asubuhi, nilikuwa nimeshafundishwa habari ya miguu.

Nilipanda boti ya mtoni, ile yenye bendera ya rangi ya chungwa, nikaenda hekalu la Wat Pho. Mlangoni unavua viatu, unavitia kwenye mfuko na kuvibeba mwenyewe. Ndani amelala Buddha wa dhahabu mwenye urefu wa mita 46, kazi ya mwaka 1832 enzi za mfalme Rama wa Tatu, na jengo limembana kiasi kwamba humwoni mzima. Unamsoma kipande kwa kipande ukitembea kutoka kichwani kwenda miguuni. Wengi hupiga picha ya kichwa na kuondoka. Wanakosea. Mambo yako miguuni.

Nyayo zake zimesimama kama ukuta mwisho wa ukumbi, zimenizidi kimo. Zimepambwa kwa magamba ya chaza yanayometameta, vyumba 108 vya michoro, alama za heri za Buddha. Unasimama peku mbele ya nyayo. Upande wa pili, kando ya ukuta, kuna bakuli 108 za shaba, na watu wanapita wakidondosha sarafu mojamoja, ting, ting, ting, mpaka sauti inakuwa kama mvua inayoanza juu ya bati.

Kwa Wathai kichwa ndicho cha juu na mguu ndio wa chini kabisa, kwa heshima si kwa mwili tu. Mtu humgusi kichwani ovyo. Mguu humnyooshei mtu, wala sanamu. Kwenye ukumbi mkuu wa ibada, ambako watu hukaa chini, miguu hukunjwa nyuma. Mimi nilichoka nikajisahau. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa jirani yangu akanionyesha kwa mkono, bila neno, niukunje wa kulia uliokuwa umemwelekea Buddha. Nikaukunja. Akacheka kidogo, bila kutoa sauti, meno ya mbele yameachana.

Huyo namkumbuka mpaka kipini cha nywele. Tulikuwa tumekaa sakafuni wote wawili.

## Jioni nikavishwa

Kwa hiyo asubuhi, ili niingie, nivue. Jioni, ili niingie, nivae.

Sina ugomvi na kanuni ya mavazi. Baa nyingi za juu za Bangkok zinayo, na huiandika wazi: mwanaume asije na kaptura, asije na fulana isiyo na mikono, asije na kiatu kinachoonyesha vidole. Kosa ni langu, sikusoma. (Ingawa dada mmoja alinipita palepale na ndala zenye shanga, vidole vyote kumi vinapunga hewa, na lifti ikamfungukia. Nimesema sina ugomvi.)

Wengine hurudishwa walikofikia. Mimi niliazimwa, ukarimu mtupu, na ndipo methali ikaanza kunitembea kichwani: nguo ya kuazima haisitiri matako. Na kiatu je? Kilinisitiri vidole, kikaniumbua mwendo. Kila hatua kisigino kilichomoka kikarudi, pwata, pwata. Nilitembea kama mtu anayevuka tope huku akijaribu kulinda heshima yake.

Lifti ilipanda haraka mpaka masikio yakaziba. Humo ndani tulikuwa sita, na wote tulikuwa tunaangalia namba.

## Nani alipandisha bei ya juu

Tangu nirudi nimeifikiria ile lifti kuliko ile mandhari.

Zamani juu palikuwa pa mnyonge. Paris, kwenye yale majengo ya ghorofa sita saba ya karne ya 19, wenye nazo walikaa ghorofa za chini chini na vijakazi wakalala chini ya paa, kwenye vyumba vya kuungua kiangazi na kuganda kipupwe, kwa sababu wao ndio waliokuwa na magoti ya kupandia. Kimo kilihesabiwa kwa magoti. Halafu mwaka 1854, kwenye maonyesho huko New York, Elisha Otis, fundi aliyebuni breki ya lifti, akapanda juu ya jukwaa linaloning'inia kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati. Jukwaa likashuka kidogo, likakamata, likasimama. Mwaka 1857 lifti yake ya kubeba watu ikafungwa kwenye duka la ghorofa tano Broadway. Baada ya hapo, taratibu, juu na chini vikabadilishana bei. Kufikia miaka ya 1880 kumbi za maonyesho za New York zilikuwa zimeanza kufungua bustani juu ya paa, maana kiangazi ndani palikuwa tanuri na kiyoyozi kilikuwa hakijazaliwa.

Yaani wale wa mwanzo hawakupanda kutazama mji. Walipanda kutafuta upepo.

## Meza ya pembeni

Na kweli, mlango wa lifti ulipofunguka, kilichonipokea kwanza kilikuwa upepo. Siku nne nilikuwa natembea kwenye jiji ambalo hewa yake inakukumbatia kama taulo lililotoka kwenye maji ya moto, na ghafla shati likajitenga na mgongo. Nikafumba macho. Akija mtu kuniambia baa ya juu ni ujinga mtupu, nitamwomba anihesabie zile sekunde tano.

Jua halikuzama. Nililikuta bado lipo, lakini halikuzama. Miezi ile Bangkok hugubikwa na moshi na vumbi, na jua likikaribia chini halitumbukii popote, linafifia tu, kama doa la chai linalofuliwa. Kwa hesabu, mtu aliye mita 200 juu ya nchi tambarare hutakiwa kuona upeo ulioko kilomita 50 hivi. Mimi niliona pengine kumi. Zilizobaki zilikuwa rangi ya kahawia. Watu waliokuwa wamenyanyua simu wakazishusha mmojammoja.

Halafu taa zikaanza.

Hapo pakawa pazuri, na sitaki kujifanya kuwa hapakuwa. Mto Chao Phraya ukajikunja katikati ya mji kama mshipi uliotupwa kitandani, na mashua za chakula cha jioni zikawa zinaupanda na kuushuka, kila moja imejaa balbu za rangi kama duka la vitambaa. Jengo la MahaNakhon, mita 314, likawaka, na lile tundu lake la kuzunguka ubavuni likaonekana vizuri: kama gunzi la hindi ambalo mtu amelitafuna akaitwa. Juu ya kila paa taa nyekundu ya kuonya ndege, inawaka, inazima. Barabarani magari yamesimama, mstari wa nyekundu upande mmoja, mstari wa nyeupe upande mwingine. Foleni ileile iliyonitoa roho mchana, kwa mbali ilikuwa mkufu.

Mimi si mnywaji, nikaagiza kitu cha mchaichai, ndimu na tangawizi. Menyu ilisema baht 350, na pembeni ya 350 kulikuwa na alama mbili ndogo za kujumlisha, ++. Hizo ndugu yangu ndizo zenye meno. Ya kwanza ni tozo ya huduma, asilimia 10. Ya pili ni kodi, asilimia 7, nayo inahesabiwa baada ya tozo kuongezwa. 350 inakuwa 385, 385 inakuwa karibu 412. Bakuli la tambi na mchuzi nililokula mchana, kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, lilikuwa 60.

Nilikunywa taratibu.

Nikarudisha miguu chini ya kiti, vidole vikacheza ndani ya vile viatu kama kokwa kwenye debe, na ndipo nikapiga ile picha ya utani.

## Jengo lisilo na taa

Upande wa mto kulikuwa na majengo mawili yasiyo mbali sana. Moja linang'aa, lina kuba la dhahabu kichwani. Jingine jeusi tii, kama jino lililokufa katikati ya meno mazima. Yote mawili yalichorwa na msanifu mmoja, Rangsan Torsuwan. Lenye kuba ni State Tower. Jeusi ni Sathorn Unique, ghorofa 49. Ujenzi wake ulianza 1990, na lilikuwa limekwenda mbali pale Julai 1997 serikali ilipoiachia baht ielee, yaani ilipoacha kuishikilia thamani yake, na uchumi ukaporomoka. Mafundi wakaondoka. Mpaka leo halijamalizwa.

Mchana nilikuwa nimepita chini yake, liko karibu kabisa na kituo cha treni cha Saphan Taksin. Vibaraza vyake vina nguzo za mtindo wa Kirumi na majani yameota juu yake. Milango imefungwa. Huko juu mto ni uleule, upepo uleule, machweo yaleyale ya rangi ya chai. Bila ++.

Nikajiona nimepata jibu. Kumbe hatulipii mandhari, mandhari iko pale gizani haina mteja. Tunalipia kiti, taa, na mlango wenye mtu wa kuwakataa wengine. Nikafurahia werevu wangu kama dakika tatu hivi. Kisha mhudumu akaja kuniuliza kama niko sawa, akanisogezea kijitaa cha mezani kisipeperushwe na upepo, na nikajua nadanganya. Ningepewa ufunguo wa lile jengo jeusi usiku uleule nisingepanda. Nilitaka kiti. Nilitaka mtu aniletee ndimu iliyokatwa.

## Ninachokubali

Msafiri hana pa kukaa. Hili sijalisoma kwenye kitabu chochote cha watalii. Unatoka asubuhi kwa sababu chumba ulichopanga kinatosha kitanda na begi, na kutoka hapo mpaka usiku kila kiti kina masharti: mgahawa ule uondoke, kituo usubiri treni, hekalu ukunje miguu, benchi la bustani liko juani. Na njia nzima uso wako unasomwa. Dereva wa tuk-tuk anausoma, mshona suti anausoma, mwenye boti anausoma kutoka mita mia: huyu mgeni, huyu hajui bei.

Kule juu hakuna aliyeniita. Nilikaa saa mbili na nusu kwa glasi moja na hakuna aliyenikodolea. Meza ya kulia walikuwa wazee wawili wasiosemezana, ya kushoto kundi la vijana waliokuwa wakipigana picha. (Karibu wote walikuwa wameupa mji mgongo, maana ndivyo picha inavyotaka. Nimehesabu zangu: katika 41, zile nilizomo mimi, hakuna hata moja ambayo nautazama mto.) Wote tulitoka mbali. Hakuna aliyejua lile paa la kijani kule ni la nini. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne sikuwa mgeni kuliko wengine.

Hilo ndilo nililolipenda, kuliko taa. Na ningemjibu rafiki yangu hivyo siku ileile, nikalala, kama nisingeendelea kuitazama ile picha ya viatu.

Maana walikuwepo wenyeji kule juu. Walikuwa wamebeba trei.

## Kutoka mita 200

Nilijaribu kuitafuta nyumba ya wageni niliyofikia. Siku nne nimepita uchochoro ule, nalijua bomba linalovuja, namjua paka mwenye mkia uliopinda, najua saa ngapi mzee wa jirani anatoa kiti chake nje. Kutoka juu hakuna uchochoro. Kuna mapaa, na ukikaza macho, mpasuko mweusi kati ya mapaa.

Mji ukiutazama kutoka juu unauona utosi. Matangi ya maji ya chuma yanayometa, mashine za viyoyozi, madishi, mabati yaliyowekewa matofali yasiruke, nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Ni upande ambao mji haukutegemea kutazamwa, kwa hiyo haukujipamba.

Chini kabisa ya ukuta wetu wa kioo, juu ya jengo la ghorofa nne au tano, balbu moja ilikuwa inawaka na mtu alikuwa anaanua nguo. Anaanua, anakunja, anaweka kwenye beseni. Kitu kirefu cheupe, labda shuka, kilimpa taabu na upepo. Alikikunja mara mbili kikamtoroka, mara ya tatu akakibana kwa kidevu. Nilimtazama pengine dakika kumi. Siwezi kusema kama alikuwa mwanamke au mwanaume, kijana au mzee. Kutoka mita 200 mtu ni duara jeusi lenye mikono.

Hakuinua kichwa hata mara moja. Akamaliza, akabeba beseni, akazima balbu.

Nilipokuwa naitazama ile picha nyumbani ndipo hivi viwili vikagongana. Yule wa shuka nilikuwa na udhuru naye, mita 200 zilikuwa kati yetu. Lakini yule wa viatu? Kati ya macho yangu na utosi wake hakukuwa na hata mita moja. Lifti ilikuwa haijanibeba bado. Nilikuwa ghorofa ya chini, peku, na tayari nilishakuwa namtazama mtu kutoka juu.

Nimejitetea kwa kila njia. Nilikuwa nawahi jua. Yeye yuko kazini, kwa jioni moja anavalisha watu wangapi? Huenda angekereka kama kila mmoja wetu angeanza kumkodolea macho kwa huruma na kumuuliza jina, watalii tunapenda sana hilo. Huenda hata kuchuchumaa kwake kulikuwa namna ya kumaliza kazi bila kutazamana na mtu aliyeona haya, maana haya nilikuwa nayo, na alijua. Utetezi huu wa mwisho ndio unaonipa ahueni kidogo, na kwa sababu hiyo siuamini sana.

## Kesho yake, ngazi

Siku iliyofuata nilipanda Mlima wa Dhahabu, kwenye hekalu la Wat Saket, ngazi zaidi ya 300 zinazozunguka kilima kilichojengwa na watu. Kwa muda mrefu huko ndiko kulikuwa juu kuliko kote Bangkok. Njiani kuna kengele, unazigonga ukipita. Kwenye ngazi unachokiona muda wote ni visigino vya aliye mbele: vilivyopasuka, vilivyopakwa mafuta, kimoja chenye plasta ya mtoto yenye picha za samaki.

Ingekuwa vizuri kusema huko ndiko nilikopata nilichokikosa baani. Sikukipata. Palikuwa na joto, palikuwa na msongamano, mtu alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya mnada, na mandhari ni ya chini zaidi. Nilikaa robo saa nikateremka. Ingekuwa kura, ningeipa baa.

## Kushuka

Nimeruka kitu, nilikuwa natumaini nitamaliza bila kukisema.

Usiku ule nililipa 412, nikashuka. Ukumbi wa chini, ileile baridi ya bucha. Kijana akaja, nikampa namba 17, akaenda nyuma ya pazia akarudi na mfuko. Akachuchumaa. Akafungua kamba za kulia, akafungua za kushoto, akatoa makubadhi, akayapanga yakiwa yameelekea mlangoni.

Je, ni yuleyule?

Sijui. Nilikuwa nimeshika simu, nachagua picha ya mto ya kuweka mtandaoni, kati ya mbili zinazofanana. Nilihamisha mguu mmoja, nikahamisha wa pili, nikasema asante kwa kioo cha simu. Nadhani alikutanisha viganja kuniaga, kama wanavyofanya, kwa sababu nakumbuka kitu kilisogea pembeni ya jicho. Nje, joto likanipokea, na dereva wa pikipiki mwenye kizibao cha rangi ya chungwa akanisoma uso kutoka ng'ambo ya barabara.

Juzi nikamjibu rafiki yangu. Nikamwandikia avae viatu vya kufunika. Afike saa kumi na moja na nusu, aombe meza ya upande wa mto, asishtuke akiziona zile ++, aulize lile jengo jeusi. Akanitumia dole gumba. Halafu:

"Sasa si utume picha, kaka."

Nikamtumia ya mto.

Ile ya viatu ninayo bado. Usiku nimeikuza tena kwenye kompyuta. Miguu yangu katikati, kamba zimefungwa vifundo viwili, nadhifu kuliko ninavyofunga mwenyewe. Kwenye kona ya juu kushoto, nyuma ya mguu wa meza, kuna kiatu ambacho sikuwahi kukiona: cheusi, kimepigwa rangi, kisigino kimelika upande mmoja, kimesimama karibu kabisa na kiti changu. Cha mhudumu, nadhani, pengine yule aliyekuja kusogeza kijitaa. Suruali nyeusi, mshono wa chini umerudiwa kwa mkono na uzi wa rangi nyingine kidogo. Picha inakatikia juu kidogo ya kifundo.